Maneno Yaliyozidi Nusu

Jumanne moja ya Novemba 2003, saa kumi na mbili jioni, Nyaruai alikuwa akiosha sufuria namba nane nyuma ya nyumba yake huko Kibomet, Kitale, sufuria hiyo ilipomuuliza kwa sauti ya mwanamke kama amelala vizuri.

"Kitale, umerara aje? Ova."

Nyaruai aliisuuza, akaipindua juu ya jiwe ipate kukauka, akaendelea na sahani. Chini ya sufuria ile sauti haikukoma. Ilisema lori la Tongaren limeingia, gunia tatu zimelowa, na Bungoma kumenyesha kama mtu amemwaga. Kisha ikacheka jambo ambalo halikusikika.

Hii ilikuwa wiki ya pili. Sufuria kuongea, Nyaruai hakuona neno. Vitu vingi vya nyumbani huwa na kelele zao, na bati la jirani lilikuwa limelia tangu Krismasi iliyopita bila mtu kuitisha mkutano. Neno lilikuwa nani anaongea.

Mumewe, Hiram Kimotho, alikuwa mweka stoo wa Kifaru Nafaka, kampuni ya kununua mahindi yenye stoo mbili, moja Kitale na nyingine Bungoma. Simu za mkononi zilikuwa zimeshafika, lakini meneja, Bwana Thuo, aliona wafanyakazi wakipewa simu watapigia shangazi zao. Kwa hivyo mwezi wa Septemba alileta redio za mkononi, nyeusi, nzito kama tofali, na mlingoti wa kupokezana mawimbi ukasimamishwa kilimani upande wa Webuye. Unabonyeza, unaongea, unasema ova, unaachilia. Kila redio ilikuja ndani ya boksi pamoja na kibanio cha kuifunga kwenye mshipi na kijitabu cha usalama. Thuo aligawa redio. Vibanio na vijitabu alivifungia kwenye droo, maana aliwajua watu wake, kitu kidogo wakipewa hupotea.

Hiram alifika nyumbani siku hiyo ameishika redio kwa mikono miwili kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe. Hakujua aiweke wapi.

Nyaruai alijua. Katika nyumba yake hakuna kitu kilichokaa uchi. Viti vilikuwa na vitambaa vya kroshia, televisheni ilikuwa na chake, hata chupa ya chai ilikuwa na sketi. Alichukua uzi wa rangi ya damu ya mzee, akaupiga pamoja na uzi wa kumetameta uliobaki alipokuwa akishona kitambaa cha meza ya kanisa, na kwa jioni mbili akamshonea mumewe mfuko wenye kamba ya shingoni. Redio ilikaa ndani yake vizuri, ikaangukia kifua cha kushoto, juu ya moyo. Uzi ule wa kumetameta ulikuwa na chuma ndani, lakini nani hununua uzi akauliza ndani kuna nini.

Baada ya mwezi, kifua cha Hiram upande wa kushoto kilikuwa na joto la kikombe cha chai. Fulana ikilowa, ilikauka upande huo kwanza. Kitale ni baridi, kwa hivyo Hiram hakuona sababu ya kulalamika. Nyaruai alipoweka mkono pale usiku alidhani anajua joto hilo limetoka kwa nani.

"Huyu Bungoma ni nani?" alimwuliza mezani.

"Ni wa kazi."

"Ana jina?"

"Nekoye."

"Ameolewa?"

Hiram alitafuna, akameza. "Sijauliza."

"Miezi miwili mnaongea na hujauliza?"

"Tunaongea mambo ya magunia."

Sufuria ikacheka kutoka kwenye rafu, kicheko kirefu cha mtu aliyeambiwa kitu kitamu. Ilikuwa bado inamalizia maneno ya saa kumi. Hiram aliomba aongezewe mboga.

Hapo ndipo wivu wa Nyaruai ulipopata kazi ya kudumu. Aliisugua sufuria kwa jivu, kisha kwa steelwaya, kisha kwa mchanga. Ikang'aa na sauti ikawa safi zaidi. Alimwazima jirani yake Kui wakati Kui alikuwa na wageni, akitumaini itasahau njia. Kui aliirudisha kesho yake ikiwa na ukoko wa wali na sifa.

"Mama Gathii, huyo mwanamke ana sauti, si mchezo. Angekuwa kwaya yetu hatungeshindwa Kapenguria."

Nyaruai hakumpa Kui chumvi wiki nzima. Kui hakujali, aliendelea kuja kila jioni na kigoda chake, akaketi ukutani asikie kama lori za Tongaren zinanunuliwa au zinarudishwa. Wengine wakaja pia. Mzee mmoja aliuza mahindi yake Ijumaa badala ya Jumatatu kwa ushauri wa sufuria na akafanya vizuri. Wote walimwita yule wa ndani "mama wa Bungoma" na walimsalimu wakifika.

Siku moja sufuria ilisema, "Mzee wangu ana mikono mizuri, wacha nikuambie." Nyaruai alikaa siku mbili akiitazama mikono ya Hiram. Ilikuwa na vumbi la mahindi kwenye mikunjo na ukucha mmoja haukuwepo. Aliitazama kama mtu anayetazama kitu chake kwenye duka la mtu mwingine. Na jioni ya tatu Hiram alipobariki chakula alimaliza kwa kusema ova badala ya amina, kisha akala kimya mpaka mwisho, akasema amechoka, akalala.

Zamani Hiram alikuwa mtu wa maneno. Alipokuwa akimposa alimfanya shangazi yake Nyaruai, mama asiyecheka, ateme chai. Maneno hayo yalikuwa yameenda mahali, na Nyaruai sasa alikuwa na anwani.

Kipsang, fundi wa redio, alikuja kukagua vyombo vya stoo, na Kui, ambaye hakuweza kuficha hata bei ya nyanya, akamleta nyumbani. Kipsang aliketi, akanywa chai, akaisikiliza sufuria dakika kumi kichwa kikiwa upande mmoja kama anayesikiliza injini.

"Hii si mapepo, mama," alisema. "Hii ni maneno imezidi."

"Imezidi nini?"

Alitoa mfukoni kijitabu chenye mafuta ya grisi, akamsomea akitafsiri polepole. Redio ishikwe wima, sentimita mbili na nusu kutoka mdomoni. Antena isiguse mwili. Ikivaliwa, ivaliwe kwa kibanio chake, si kitu kingine. Na mtu asibonyeze kuongea zaidi ya nusu ya muda anaotumia redio, nusu nyingine asikilize, maana mawimbi hupasha nyama moto.

"Nusu, mwili inaweza," alisema Kipsang. "Ikipita nusu, inatafuta pa kutokea. Hawa wawili wanapita nusu kabla ya saa tisa. Ya baada ya hapo inapanga foleni, inatokea kwa aluminiamu ya nyumba ya mwenye anasikiliza. Na sufuria ikishashika sauti moja imeshika. Huwezi kuibadilisha." Akauona mfuko mwekundu ukining'inia nyuma ya mlango, kwa maana siku hiyo Hiram alikuwa ameiacha redio stoo ichajiwe. Akausugua kwa vidole. "Nani alishona hii?"

"Mimi."

"Hii uzi ina chuma."

"Kwa hivyo ni mimi nilimweka huyo mama kwa kifua cha bwanangu."

Kipsang alimalizia chai yake. "Ulimtengenezea kiti, mama," alisema. "Na mto."

Jioni hiyo Nyaruai aliufumua mfuko, uzi kwa uzi, mpaka ukarudi kuwa donge. Haikusaidia, sufuria ilikuwa imeshashika. Kipsang naye aliacha nakala ya ukurasa wa usalama imebandikwa kwenye ukuta wa stoo. Thuo aliusoma Jumatatu, akawaita wafanyakazi, akasema kila mtu afuate, asizidishe nusu, na kwamba lori ni nyingi mwaka huu kwa hivyo kila mtu ajibu redio kila inapoita bila kukosa. Vibanio vilibaki kwenye droo.

Hiram alikuwa mtu wa kufuata sheria. Alilipa kodi ya redio ya nyumbani hata miaka ambayo hakuna aliyekuja kuuliza. Alikaa na ukurasa ule akafikiri. Kazini haikuwezekana kupunguza, maana redio ikiita lazima ijibiwe. Kwa hivyo kama ni kupunguza, mtu hupunguza pale anapoweza. Alikuja nyumbani na nakala yake mwenyewe, akaibandika juu ya meza ya kulia kwa gundi ya ugali, akaketi.

"Leo imekuwa aje huko?" Nyaruai akauliza.

Hiram alinyoosha kidole kwenye mstari wa nne. "Nimeshafika nusu," akasema.

Kuanzia siku hiyo aliongea nyumbani chini ya alivyokuwa akiongea mwanzo, jambo ambalo Nyaruai alikuwa ameamini haliwezekani.

Alhamisi asubuhi alitia sufuria namba nane kwenye kiondo, akaifunika kwa leso, akaenda Bungoma. Alitaka kumrudishia mwenyewe sauti yake, na kumwambia arudishe maneno ya watu. Alikuwa ameyapanga ya kusema tangu Kiminini, na kufika Webuye yalikuwa yameshapendeza.

Stoo ya Bungoma ilikuwa na geti la buluu. Soja wa getini alimwonyesha dirisha bila kuuliza anataka nini.

"Ni ule pale, anacheka. Lakini hawezi kutoka, mama. Redio ikiita asipojibu, meneja anapiga kelele mpaka huku."

Nekoye alikuwa ameibana redio kati ya sikio na bega, antena imelala shingoni kama ushanga, kwa sababu mkono mmoja ulikuwa ukiandika lori na mwingine umeshika kikombe. Alikuwa mrembo. Nyaruai alikuwa amejiandaa kwa hilo njia nzima na likamuuma vilevile. Alisimama pale getini akamtazama akicheka na mumewe, saa tano ya asubuhi, mbele ya watu, na hakuna aliyeona ni ajabu.

"Anatoka saa ngapi?"

"Saa moja. Lakini nyumbani kuna bwana yake, Khaemba, fundi wa baiskeli. Kanduyi, karibu na posho mill. Uliza tu."

Alimkuta Khaemba akinyoosha ringi. Alikuwa mtu mpana, mpole, mwenye spana mdomoni. Juu yake, kwenye msumari, ilining'inia sufuria namba kumi iliyopinda mkono mmoja, imeelekezwa barabarani kama spika ya kanisa.

"Karibu mama. Ni pancha?"

"Si pancha. Nangojea."

"Ukingoja hapa utasikia kelele. Saa tisa kuna mtu ananiingilia hapa kwa sufuria. Mtu wa Kitale, anaitwa Kimotho. Amenisumbua, bana."

"Mimi ndio bibi yake."

Khaemba alitoa spana mdomoni. Alimtazama, akakitazama kiondo, akavuta benchi akalipangusa kwa fulana.

"Pole," akasema.

"Pole na wewe."

"Nilikuwa nimepanga kuja Kitale nimpige. Si ati nimesahau. Ni vile msimu wa baiskeli umechanganya."

"Ungempigia nini, na hata haongei?"

"Ati haongei?" Khaemba akacheka mpaka ringi ikamponyoka. "Mama, si ni huyu? Anaongea mpaka ugali inapoa. Anaongea mpaka nimejua rangi ya gamubuti yake."

"Basi si huyo wangu."

"Ngoja saa tisa."

Walingoja. Khaemba aliziba pancha mbili, akiimba kwa sauti ya chini. Alimpa Nyaruai muhogo na chai ya rangi. Saa tisa na dakika chache sufuria ilikohoa, na ilikuwa ni Hiram.

"Bungoma, Kitale hapa. Umeshakula? Mimi bado nimeshiba ya jana. Bibi alinipikia mukimo ya malenge na njahi pembeni, wacha tu. Hiyo chakula, ukikula unasahau kama Thuo alizaliwa. Nilitaka kulia, nikaona nitaaibika. Ova."

Kisha akacheka. Nyaruai alikijua kicheko hicho. Kilikuwa ni kile kilichomtoa shangazi chai mdomoni, na alikuwa amekidhania kimezeeka kikafa.

Jana usiku Hiram alikuwa ameula mukimo huo macho yakiwa kwenye sahani, akafuta mdomo, akanyoosha kidole kwenye mstari wa nne.

Wivu wa mwanamke mwingine Nyaruai aliujua, mtu ana dada wa kumsimulia na una maneno yake, na yeye alikuwa ameyapanga tangu Kiminini. Huu haukuwa na maneno. Mumewe alikuwa ameona yote, malenge, maharagwe meusi ya njahi, mpaka chumvi. Ameyakunja vizuri, akayatuma Bungoma. Mwanamke yule dirishani alikuwa amezisikia sifa za Nyaruai kabla ya Nyaruai mwenyewe.

"Anakusema hivyo kila siku," alisema Khaemba. "Mimi naijua mboga yako kuliko ya mama yangu. Hiyo ndiyo ilifanya nisije kumpiga haraka. Nilikuwa najiuliza, sasa mtu kama ana bibi hivyo, kwangu anatafuta nini?"

"Wewe huambiwa nini?"

"Mimi? Bibi yangu akifika anavua viatu, ananiambia mdomo umechoka."

Nyaruai alifunua kiondo. Sufuria namba nane ilikuwa imeshaanza zamani, ila leso iliizuia.

"...alikuwa anaziba pancha jana akiimba, Kitale, nikazima redio ya nyumba nimsikie. Huyo Khaemba akishika kitu imepona. Si nilikuambia mzee wangu ana mikono mizuri? Lakini simwambii, atavimba kichwa. Ova."

Khaemba aliitazama mikono yake, upande wa juu na wa chini, kisha akaifuta kwenye suruali. Nyaruai alizikumbuka zile siku mbili alizopoteza akikagua kucha za Hiram, akaona haya kidogo, lakini hakumwambia mtu.

Walikaa. Sufuria mbili zikaongea kwa zamu, moja ikiuliza, nyingine ikijibu, mpaka mteja akaja kuchukua baiskeli, akazisalimu zote mbili, akaenda.

"Unajua nini, mama," Khaemba akasema mwishoni. "Mimi nataka hiyo yako."

"Na mimi hiyo yako."

"Lakini yangu ni namba kumi. Hapo napunjika."

"Yako imepinda mkono."

"Ongeza kitu."

Nyaruai aliongeza leso. Khaemba aliitundika sufuria namba nane kwenye msumari, na mara hii hakuielekeza barabarani. Aliielekeza kwake.

"Utamwambia Nekoye?" Nyaruai akauliza.

"Nimwambie nini? Akijua nasikia, si ataacha kusema."

Nyaruai alipofika Kibomet saa moja jioni Kui alikuwa ameshaketi na kigoda. Alisikia sufuria mpya kwa muda, akakunja uso. "Huyu si ni Baba Gathii? Huyu hana habari. Ya stoo ya hapa tunaijua." Akachukua kigoda chake akaenda, na watu wengine wakapungua. Nyaruai akabaki peke yake na sauti ya mumewe, akiwasha jiko. Iliuliza kama amelala vizuri. Iliuliza kama mafua yamepungua. Kila baada ya swali ilisema "Bungoma", na kila mara iliposema hivyo alihisi kitu kikimfinya mahali pale pale. Lakini alijibu. Alisema amelala vizuri, na kwamba mafua hana.

Hiram aliingia, akanawa mikono, akaketi. Kwenye rafu sauti yake ilikuwa ikieleza jinsi mgongo ulivyomshika akiinua gunia la Kimutai, dereva. Aliisikiliza kidogo.

"Hiyo sufuria ni ya wapi?"

"Bungoma."

Alitikisa kichwa kama aliyeambiwa mvua imehamia upande wa pili. Nyaruai alimpakulia matoke yenye nyama ya mbuzi, aliyoiunga kwa nyanya nyingi na dania. Hiram alianza kula.

"Na nikuambie, Bungoma," ilisema sufuria. "Hakuna hoteli Kitale inapika kama yule mama. Miaka kumi na minne na bado nikikaribia geti natembea haraka. Mungu alinipa mke. Ova."

Nyaruai aliweka kijiko chini.

"Baba Gathii. Niambie hiyo hapa."

"Gani?"

"Hiyo umesema sasa hivi. Niambie mimi, na mdomo yako."

Hiram aliacha kutafuna. Aliitazama sufuria, akautazama ukurasa ukutani, akamtazama mkewe kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama tangu Septemba. Alifungua mdomo. Kwa muda kidogo ilionekana kana kwamba kuna kitu kinakuja.

"Si imeshasema?" akauliza.

Akaendelea kula. Alimaliza sahani, akaisogeza mbele, akaongezewa, akamaliza tena, akapangusa mchuzi kwa kidole gumba mpaka maua ya sahani yakaonekana. Kisha akafuta mdomo, akasema amechoka, akaenda kulala na kifua chake chenye joto.

Nyaruai aliosha vyombo. Sufuria ya Bungoma aliiosha mwisho, kwa sabuni laini, bila steelwaya. Safari hii matoke alikuwa ameyatia chumvi kwa kubahatisha, maana ilikuwa imebaki kidogo na Kui hakuwa na ya kumwazima. Kama ilitosha angejua kesho jioni, Bungoma ikishajua.